Boti ya Fundi wa Springi

Boti iliingia mjini kwetu Kabati siku ya soko, juu ya lori la mbuzi, saa ambayo watu wamejaa barabarani. Abdulkadir hakupenda iwe hivyo. Lakini lori lilikuwa la Ahmednur, mfanyabiashara wa mifugo wa Mwingi, na Ahmednur alikuwa anapita siku hiyo tu akienda Kitui kupakia mbuzi, kwa hivyo ilikuwa ije hivyo ama isije kabisa. Wanaume wanane waliishusha kwa kamba na matairi makuukuu, wakailaza kando ya karakana yake: nyeupe, ndefu kama mita tano, mstari wa buluu ubavuni, kinyesi cha mbuzi ndani. Kufikia jioni soko zima lilikuwa limepita kuitazama, na kila aliyepita aliuliza jambo moja. Ni ya kazi gani?

Duka langu la vipuri linatazamana na karakana hiyo, kwa hivyo nami niliulizwa. Nilisema sijui, kwa sababu sikujua.

Abdulkadir ni fundi wa springi za malori. Hapa hakuna anayemwita kwa jina la babake. Ni Abdu Springi kutoka hapa mpaka Tulia, na hata madereva wa Zombe humletea malori yao yakiwa yameegemea upande mmoja kama mtu aliyeumwa kiuno. Babu yake alitoka pwani, upande wa Vanga, akaja huku na wanunuzi wa ngozi, akaoa, akabaki. Abdu mwenyewe alizaliwa hapa nyuma ya msikiti. Kikamba ndiyo lugha aliyolilia maziwa nayo, na bahari aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na mitatu, kwenye harusi, kwa siku mbili. Lakini watu wetu wakimwona Mswahili wanadhani amezaliwa ndani ya maji. Siku ya boti walimwambia si wewe ni mtu wa pwani, haya ni mambo yenu. Neno hilo lilimuudhi kuliko kicheko.

Ukweli wenyewe alimwambia mkewe Mishi, na Mishi akaniambia mimi. Alipokuwa kijana, alitumwa kutengeneza jenereta kwenye hoteli moja ndogo kando ya bwawa la Kiambere. Alipomaliza, mgeni mmoja alimpakia ndani ya boti akamzungusha. Dakika kumi, pengine kumi na tano. Boti iliinua pua, maji yakawa magumu chini yake kama lami, na Abdu akacheka mpaka akaona haya. Akarudi Kabati, akaoa, akalea watoto wanne, akakunja vyuma vya springi miaka thelathini. Kisha hoteli ikafungwa. Mwenye kiwanja mpya alitaka takataka ziondolewe, na Abdu, aliyekuwa ameitwa huko kwa kazi ya trekta, akaikuta boti ile ile, au ndugu yake, imelala chini ya mgunga imejaa majani makavu. Akaambiwa kama anaitaka aibebe.

"Ni ya kutembea tu," aliwajibu waliouliza.

Jibu hilo halikumridhisha mtu. Mvua ya Novemba ilikuwa imekosa, wanawake walikuwa wanapanga mitungi kwenye kioski cha maji tangu alfajiri, na hapa mtu mzima, mwenye wajukuu, analeta chombo cha kutembelea juu ya maji. Mzee mmoja alimshauri kwa nia njema kabisa aigeuze hori, kwa sababu ng'ombe kumi wangekunywa humo bila kusukumana.

Kazi yenyewe aliikisia ya mwezi mmoja. Siku ya pili alichukua bisibisi akaidunga kwenye ubao wa nyuma, ule unaobeba injini, na bisibisi ikazama mpaka mpini kama imedunga papai. Boti za faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, kumbe, nyuma huwa na mbao iliyofungiwa katikati ya ngozi mbili za faiba. Mbao hiyo ilikuwa imegeuka matope meusi. Akaikwangua yote kwa kijiko na patasi, ikajaza magunia mawili.

Kuhusu faiba hakujua lolote, akaamua kujifunza kwenye simu. Video zilikuwa za wazungu wenye karakana safi kuliko zahanati yetu, na wote walikuwa wanalalamikia baridi. Mmoja alisema weka hita karibu. Mwingine alisema ngoja siku yenye joto. Abdu aliyasikiliza hayo akiwa amevua shati. Akaagiza kutoka Nairobi gundi ya faiba pamoja na hadena, ile dawa inayoigandisha, akapima kama mzungu alivyopima, akakoroga ndoo nzima saa saba mchana mwezi wa Februari. Hajachovya brashi mara ya tatu, gundi ilikuwa jiwe. Ndoo ikaanza kutoa moshi, kisha ikayeyuka ubavu mmoja. Nilivuka barabara mbio na karai la mchanga nikidhani ni moto.

"Alisema dakika ishirini," Abdu aliniambia, taratibu, kama mtu anayesoma barua.

Hiyo ilikuwa ndoo ya kwanza. Ziliharibika tatu kabla hajajifunza kuchanganya kidogo kidogo.

Mtu mmoja tu hakumuuliza boti ni ya kazi gani, naye ni Nthiwa, seremala. Warsha yake na karakana ya Abdu zimetenganishwa na ukuta wa mabati, na kwenye ukuta huo palikuwa na pengo walilopitia wote wawili kwa miaka ishirini na sita, huyu akienda kuazima msasa, yule akija kunolewa patasi. Nthiwa si mtu wa maneno. Alikuja, akaangalia shimo lililobaki nyuma ya boti, akauliza vipimo. Siku ya tatu alileta plaiwudi nene ya kutengenezea bodi za malori. Ili Abdu asiwe na wasiwasi, alikata kipande akakichemsha kwenye sufuria ya mkewe kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, kisha akakitoa na kujaribu kukibandua kwa kisu mbele yake. Hakikubanduka. Wakaunganisha tabaka mbili, wakazibana kwa klempu za chuma za Nthiwa, wakazifungia ndani ya faiba. Halafu Abdu akatoboa matundu manne, akapitisha bolti nne za kushikilia injini, akazikaza jinsi anavyokaza springi za lori la tani kumi.

Mwezi wa Juni boti iliingia majini Kiambere. Ilielea. Hilo tu lilikuwa jambo la kushangilia, na watu waliokuwa ufukweni walipiga makofi. Injini nayo, ile ile iliyokuja na boti, iliwaka, ya nguvu za farasi arobaini, ikakohoa, ikaisukuma boti mwendo wa punda aliyebeba maji. Abdu akafungua mafuta zaidi. Ikakohoa zaidi.

Hapo ndipo alipokutana na Kalunde, mwanamke mwenye mtumbwi mkubwa wa mbao anayevusha watu na mizigo mpaka upande wa Embu. Kalunde ndiye anayechunga vyombo vinavyoachwa ufukweni, na alikubali kuichunga ya Abdu. Basi boti ikakaa majini, Abdu akarudi Kabati na kabureta kwenye mfuko wa plastiki.

Miezi minne iliyofuata ilikuwa hivyo. Kila wiki ya pili, Jumapili, alifunga safari ya saa mbili na nusu kwa pikipiki kwenda kufunga kifaa, na saa mbili na nusu kurudi na kifaa kingine. Kabureta ilikuwa imeganda petroli ya miaka mingi. Alipoizibua, plagi zikakataa. Alipobadilisha plagi, bomba la mafuta likapasuka. Siku moja alifungulia kabureta ufukweni juu ya leso, upepo ukaikunja leso, na sindano ndogo ya ndani ikaangukia mchangani. Aliuchekecha mchanga kwa chujio la chai la Kalunde mpaka magharibi. Mpaka Septemba alikuwa ameingia majini mara tisa na pua ya boti haijainuka hata mara moja. Karakanani malori yalipanga foleni, na yeye akawa mtu wa kujibu kwa mkato. Salamu yangu aliijibu akiwa na kichwa ndani ya kitu.

Oktoba injini ikakubali. Alikuwa peke yake ndani. Alifungua mafuta, sauti ikabadilika, pua ikaanza kunyanyuka, naye anasema alishaanza kutabasamu aliposikia nyuma yake mlio kama wa kuni mbichi zikivunjwa gotini. Injini ililala kwa nyuma. Akazima mara moja. Faiba ilikuwa imepasuka kutoka bolti hadi bolti, na kwenye ufa yalikuwa yanatoka maji ya rangi ya chai.

Walipoivuta ufukweni, Kalunde aliugonga ubao kwa mpini wa kasia, hapa na pale, akitega sikio. "Hii imekunywa maji, mzee," alisema. Abdu hakumuuliza imeyanywea wapi. Alikuwa tayari na jibu lake.

Kesho yake asubuhi alipita kwenye pengo la mabati. Nilikuwa nimesimama mlangoni pangu, nilisikia yote. Nthiwa alikuwa anapiga randa fremu ya mlango, na wateja wake walikuwepo, watu watano au sita, pamoja na mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi aliyekuja kuagiza milango ya madarasa. Abdu hakungoja waondoke.

"Ulinipa plaiwudi ya kabati ya vyombo," alisema.

"Nilikupa ya lori," Nthiwa akajibu.

"Imeoza miezi minne."

Nthiwa aliweka randa chini. Akapuliza vumbi la mbao kwenye fremu, akasema, "Niliichemsha mbele yako."

"Labda ulichemsha moja ukaniuzia nyingine."

Nimemjua Abdu tangu tukiwa vijana na sijawahi kumsikia akimwita mtu mwizi. Siku ile pia hakulitaja neno lenyewe, lakini hakuna aliyekosa kulisikia. Mwalimu mkuu akatazama saa yake, akasema atarudi. Nthiwa alipita pengoni, akachukua klempu zake mbili zilizokuwa juu ya meza ya Abdu, akarudi upande wake. Kabla ya adhuhuri tulisikia misumari. Alikuwa ameziba pengo kwa bati jipya.

Boti ikarudi Kabati, ikafunikwa turubai. Ikakaa hapo Novemba, Desemba, Januari. Kuku wa jirani akatagia ndani. Abdu hakuigusa, lakini hakuweza kuiacha pia. Alikunywa chai yake akiitazama, na akiwa chini ya lori, miguu yake ilikuwa imeelekea huko. Watu walipoacha kumcheka ndipo alipokasirika zaidi, kwa sababu sasa walikuwa wanamhurumia. Ijumaa, baada ya sala, mtu alimwambia Mungu atampa kitu kingine, naye Abdu akatoka msikitini bila kuvaa viatu vizuri.

Mishi ni mvumilivu. Ana cherehani kwenye baraza ya nyumba yao na hushona akiwaza, na sijui siku hiyo alikuwa amewaza kwa muda gani. Alikuja karakanani na chakula, akakiweka, akasema, "Baba Bilal, kama unaitengeneza, itengeneze. Kama unaichukia, mpe mwenye ng'ombe. Mimi nimechoka kukaa na hii kitu kama mke mwenza."

Alasiri hiyo Abdu alinituma diski mpya za grainda, nikampelekea, nikabaki kumshikia taa ya waya mrefu kwa sababu alikuwa anakata kwenye kivuli.

Alikuwa na hasira, na alitaka kuyaona matope kwa macho yake. Aliikata ngozi ya ndani ya faiba mstatili mzima, akaibandua kwa mtaimbo kama mfuniko. Plaiwudi ya Nthiwa ilikuwa na rangi ya asali. Akaidunga patasi kwenye kona, patasi ikaruka. Akaidunga chini kabisa, mahali panapokaa ndani ya maji. Ngumu. Akapiga patasi kwa nyundo, ikang'oa kibanzi kikavu chenye harufu ya duka la mbao. Ila palikuwa na duara nne nyeusi, kubwa kama sahani, zimegusana katikati, na katikati ya kila duara palikuwa na tundu la bolti.

Abdu alikaa juu ya tairi. Nilichomoa waya wa grainda mimi.

Aliponieleza, alinieleza kama ninavyowaeleza wateja wangu wasiojua kitu. Maji hayakupitia kwenye faiba wala kwenye gundi ya plaiwudi. Yaliingilia kwenye matundu. Alikuwa ametoboa mbao na kupitisha bolti tupu, bila silikoni ya kuziba, bila chochote, na kila injini ilipotikisika bolti ilifungua nafasi ndogo na mbao ikanywa. Jumapili baada ya Jumapili, na wakati boti iliposimama kwa Kalunde pia.

"Miaka thelathini," alisema, "nawafukuza vijana hapa kwa kupitisha bolti kwenye springi bila bushi." Bushi ni ile pete ya chuma au mpira inayokaa tunduni kuizunguka bolti.

Nilimuuliza kama nimwite Nthiwa. Akakataa. Akakata kipande cha ile plaiwudi nzima, akakifuta kwa kiganja, akakiweka kwapani. Hakwenda siku hiyo. Alikwenda keshokutwa yake, saa tano, na baadaye nilielewa kwa nini alingoja: alitaka warsha iwe na watu. Alizunguka kwa barabarani kwa sababu pengo lilikuwa limezibwa, akapita mbele ya duka langu bila kunitazama. Nami nilimfuata, sikatai.

Wateja walikuwa wanne. Abdu aliwasalimu, kisha akasema kwa sauti ya kutosha kwamba mwaka jana alisimama hapa akamsema Nthiwa kwamba alimpa mbao mbaya, na kwamba mbao ilikuwa nzuri, na kosa lilikuwa la mikono yake yeye mwenyewe. Akaeleza matundu. Akampa kipande. Nthiwa alikipokea, akakinusa, akakigeuza kutazama tabaka zake.

"Mwalimu mkuu alikwenda kwa seremala wa Tulia," alisema mwishowe. "Milango kumi na minne."

"Nitakwenda kumwambia."

"Ilishawekwa, Abdu."

"Nitamwambia hata hivyo."

Alikwenda kweli, kesho yake, kwa pikipiki. Mwalimu mkuu alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni pa ofisi, karibu na mmoja wa milango hiyo, akamshukuru kwa kuja, kisha akamuuliza kama anaweza kuangalia springi za basi la shule. Abdu aliniambia kwamba hilo lilimuuma kuliko kama angetukanwa.

Nthiwa hakuja siku hiyo, wala wiki hiyo. Siku ya kumi na moja tulisikia misumari tena, lakini safari hii ilikuwa inang'olewa. Bati likaanguka, Nthiwa akapita na klempu mkononi. Hakusema amesamehe. Alisema, "Umepima?"

Abdu alikuwa amepima.

Walikata sehemu nyeusi yote, wakaingiza mbao mpya kutoka kwenye plaiwudi ile ile, Nthiwa akiwa ameipunguza kingo kwa mshazari ili ya zamani na mpya zilaliane. Video za wazungu ziliachwa. Walifanya faiba asubuhi baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya mabati, hadena nusu ya kipimo, na gundi ikamwagwa kwenye sinia pana badala ya ndoo, kwa sababu Abdu alikuwa amegundua kwamba ikikaa nyingi pamoja inajipikia yenyewe. Matundu ya bolti waliyatoboa makubwa mara mbili, wakayajaza gundi iliyochanganywa na nyuzi za faiba, na ilipoganda wakatoboa tundu dogo katikati yake. Bolti sasa ilipita ndani ya faiba tupu, haigusi mbao popote. Ilikuwa bushi hasa. Alipoikaza na silikoni ikachuruzika pembeni, Abdu alitikisa kichwa kwa uchungu, kwa jinsi kazi ilivyokuwa ndogo.

Kwa kuwa boti ilikuwa wazi, waliongeza na mengine. Nthiwa alitengeneza sakafu mpya. Abdu alikunja mabomba ya chuma yakawa kipaa, akayavika turubai la lori. Mishi, ambaye hakuombwa, alipima viti akavishonea reksini, ile ngozi ya bandia, ya rangi ya maziwa, na panya waliokuwa wamekula sponji wakakosa makao. Chini kabisa ya boti Abdu aliweka pampu ndogo ya umeme ya kutoa maji yanayojikusanya. Mishi akamuuliza mahali hapo panaitwaje. Abdu hakujua, akamwelekeza tu kwamba maji yote ya chombo huishia hapo. Mishi akasema basi hiyo ndiyo ngama, ile ya mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Amewasomea watoto methali hiyo maisha yake yote na kumbe alikuwa anawaambia watarudi kwenye maji machafu.

Mwezi wa Julai wakarudi Kiambere, na mambo yakaharibika tena. Karakanani Abdu alikuwa ameijaribu injini ndani ya pipa la maji, na maji ya kuipoza yalikuwa yanatoka ubavuni, membamba kama uzi wa cherehani. Aliona uzi unatosha. Katikati ya bwawa, dakika ya sita, injini ikaanza kunuka, ikalia honi yake ya hatari, ikazima. Alikuwa na Nthiwa. Walikaa hapo, jua kichwani, wakisukumwa polepole kuelekea kwenye matete ambamo Kalunde alishawaambia kuna mamba. Kalunde mwenyewe ndiye aliyekuja kuwavuta, akitoka Embu na abiria saba, kuku, na magunia ya ndengu. Abiria waliwatazama njia nzima. Mama mmoja alimuuliza Kalunde kama boti hiyo nzuri ni ya serikali.

Tatizo lilikuwa feni ya mpira ndani ya pampu ya maji, ndogo inayotosha kiganjani, mbawa zake zimekauka na kupasuka kama kisigino. Muuzaji wa Mombasa aliyeagizwa alituma isiyo ya injini hiyo. Ya pili ilichukua wiki tano. Katika wiki hizo Abdu hakuzungumza na mtu juu ya boti, na mteja aliyemtania alirudishiwa ufunguo wa lori lake akaambiwa ajaribu fundi wa Kitui. Nilimwambia amevuka mpaka. Akasema anajua. Jioni alimpigia dereva huyo simu, lakini lori lilikuwa limeshaondoka.

Feni sahihi ilifika Septemba mwanzoni. Jumapili iliyofuata tulikwenda wote wanne, Abdu na Mishi, Nthiwa, na mimi niliyefunga duka kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Maji ya kupoza yalitoka ubavuni manene kama kidole. Abdu aliyatazama muda mrefu, akaingia, akatupakia mmoja mmoja, akaondoka polepole mpaka tukayapita matete. Kisha akafungua mafuta.

Pua iliinuka. Sitaweza kueleza vizuri, kwa sababu sikuwa nimewahi kwenda hivyo juu ya kitu chochote. Ni kama barabara mbovu inapoisha ghafla na lami kuanza. Mishi alishika mtandio wake kwa mikono miwili akafumba macho, kisha akayafumbua akawa hayafumbi tena. Nthiwa hakutazama mbele hata mara moja. Alikaa amegeuka nyuma, mkono juu ya ubao wake, akiutazama kama unaweza kusema kitu.

Mimi nilikuwa namtazama Abdu. Nilitaka kumwona akicheka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, uso umekunjamana, na baada ya dakika chache akapunguza mwendo mpaka boti ikakaa.

"Kuna kitu kinagonga kwenye usukani," alisema. "Na inavuta kushoto."

Hakuna mwingine aliyekuwa amesikia. Nthiwa alisema ubao umetulia. Abdu akasema hajasema ubao. Akaanza kutafuta bisibisi chini ya kiti, hapo hapo katikati ya bwawa, na Mishi akaiwekea mguu juu.

"Wewe hata ukiingizwa peponi utakagua bawaba za mlango," alimwambia. "Endesha."

Aliendesha. Alituzungusha mara mbili zaidi, mpaka ng'ambo na kurudi, na nina hakika mzunguko wa pili kuna mahali alisahau kusikiliza, kwa sababu mabega yake yalishuka. Lakini tulipofika ufukweni, kabla Mishi hajamaliza kupanda mchanga, alikuwa ameshalala kifudifudi chini ya usukani na taa mdomoni. Nthiwa alivua viatu, akarudi majini kumshikia upande wa pili. Mimi na Mishi tulikaa kwa Kalunde tukala samaki, tukiwasikia wakibishana kama ni waya umelegea ama ni gurudumu la meno la ndani limekwisha.

Njiani kurudi walibishana mpaka Mwingi. Kufikia Jumatano usukani ulikuwa juu ya meza ya karakana, umefunguliwa vipande vipande juu ya gazeti, na malori mawili yalikuwa yanangoja nje.